Utoro ni nini? Mahudhurio, ruhusa na kuchelewa shuleni

Utoro ni mwanafunzi kukosa shule au kipindi bila ruhusa ya shule. Aliyelala na homa nyumbani si mtoro, ilimradi taarifa imefika kwa mwalimu wa darasa. Aliyejibu jina lake asubuhi kisha akaruka ukuta baada ya mapumziko ni mtoro, hata kama daftari la mahudhurio linaonyesha yupo siku nzima. Ndiyo maana shule makini huita majina mara mbili, asubuhi na baada ya mapumziko marefu, na huita papo hapo. Daftari linalojazwa jioni kwa kukumbuka sura halisaidii kitu. Mwalimu aangalie pia uso wa anayejibu, maana kumwitikia mwenzako ni mchezo wa siku nyingi.

Wazazi wengi hudhani barua yao ndiyo ruhusa. Barua ni ombi tu. Anayeruhusu ni shule. Mkuu wa shule anaweza kukubali ugonjwa, msiba au miadi ya hospitali, akakataa safari ya wiki nzima katikati ya muhula. Mtoto akisafirishwa hivyo hivyo, siku hizo zinaandikwa kuwa hana ruhusa, japo aliyemchukua ni mzazi wake. Barua iliyokamilika ina jina na darasa la mtoto, sababu, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na saini. Ikitiliwa shaka, mwalimu apige simu kwa namba iliyo kwenye faili la mwanafunzi. Namba iliyoandikwa kwenye barua ya kughushi mara nyingi ni ya rafiki anayesubiri kujifanya mjomba.

Kuchelewa ni suala jingine, na ili lisichanganywe na utoro shule inatakiwa kutangaza nyakati mbili: wa kuanza masomo na wa kufunga daftari. Tuseme masomo yanaanza saa 2:00 na daftari linafungwa saa 2:30. Anayeingia saa 2:15 amechelewa. Anayeingia saa 3:00 bila sababu inayokubalika huandikwa kuwa amekosa kipindi chote cha asubuhi, na jina lake huwekwa kwenye daftari la getini ili ijulikane yumo ndani ikitokea dharura kama moto.

Dakika chache zinaonekana si neno. Lakini dakika 10 kila siku, kwa mwaka wa siku 190 za masomo, ni dakika 1,900, yaani saa 31 na dakika 40. Kwa siku yenye saa 6 za vipindi, hizo ni zaidi ya siku 5 nzima. Tena ni dakika za mwanzo, pale mwalimu anapofungua mada.

Asilimia ya mahudhurio hupatikana kwa kugawanya siku alizohudhuria mwanafunzi kwa siku ambazo shule ilikuwa wazi, kisha kuzidisha kwa 100. Aliyekosa siku 19 kati ya 190 ana asilimia 90. Kukosa asilimia 10 au zaidi ndicho kiwango kinachotumika sana Uingereza na Marekani kumtambua mwanafunzi mwenye tatizo la kudumu la mahudhurio, na hapo siku zote zinajumlishwa, zenye ruhusa na zisizo nayo. Nadhani ni sawa, kwa sababu somo alilokosa halijui kama alikuwa mgonjwa au alitega. Siku 19 kwa mwaka ni takriban siku moja kila baada ya wiki mbili, ukosaji wa rejareja usioshtua mtu.

Wastani wa darasa nao hudanganya. Katika wanafunzi 40, wakiwa 34 wana asilimia 97 na 6 wana asilimia 77, wastani ni 94. Mkaguzi ataridhika, na wale sita wanazidi kupotea. Isomwe mistari ya mwanafunzi mmoja mmoja.

Hatua za nidhamu hupanda ngazi: simu nyumbani siku hiyohiyo, barua, kikao na mzazi, makubaliano ya maandishi, kisha mamlaka za elimu. Pale elimu ni ya lazima kisheria, mara nyingi anayewajibishwa ni mzazi au mlezi, na kesi husimama juu ya kumbukumbu: tarehe, simu zilizopigwa, barua zilizotumwa. Shule na vyuo vingine humzuia mwanafunzi kufanya mtihani mahudhurio yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa.

Adhabu zinazomtoa mtoto darasani ndizo zinazoharibu zaidi. Kumsimamisha mtoro shule kwa wiki ni kumpa alichokuwa anakitafuta. Kumrudisha nyumbani aliyechelewa dakika 20 kunageuza kosa dogo kuwa siku nzima iliyopotea, na safari ijayo akiona amechelewa hatakuja kabisa. Afadhali afidie muda huo baada ya vipindi, akiwa na daftari mbele yake.

Kabla ya adhabu yoyote, angalia siku zinazokosekana. Zikiwa ni za siku fulani ya wiki, huenda mtoto anakwepa somo, au kuna kazi nyumbani siku hiyo. Zikianza ghafla kwa aliyekuwa hakosi, uliza kuhusu uonevu. Na anayerudi baada ya kukosa muda mrefu apewe siku hiyohiyo orodha ya kazi zilizompita, na mwenzake wa kunakili kwake. Bila hivyo atakaa wiki moja asielewe ubaoni kunaandikwa nini, kisha atatega tena.