Kutibu kibofu kwa umeme mdogo: maswali na majibu

Nimesikia mtu anayeshindwa kuzuia mkojo anaweza kutibiwa kwa umeme. Si hatari?

Ni umeme mdogo sana, wa betri. Kibofu na ubongo huwasiliana kupitia mishipa ya fahamu iliyo chini ya mgongo. Mawasiliano hayo yakivurugika, kibofu hujikaza hata kabla hakijajaa. Mtu anabanwa ghafla, na akichelewa kidogo tu ameshalowa. Umeme huo hutuliza vurugu hiyo, kwa njia mbili: sindano inayochomwa mguuni, au kifaa kinachopandikizwa mwilini.

Unamfaa kila anayevujwa na mkojo?

Hapana, na hapa wengi hukosea. Kama mkojo unatoka ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua mzigo, shida mara nyingi ni misuli ya nyonga iliyolegea, na dawa yake ya kwanza ni mazoezi ya kuikaza. Umeme ni wa yule anayebanwa ghafla, tena baada ya kupimwa maambukizi ya mkojo na kisukari, kupunguza chai na kahawa, kukizoesha kibofu kusubiri, na pengine kumeza dawa bila nafuu.

Mbona sindano inachomwa mguuni?

Kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, huanzia eneo lilelile la uti wa mgongo linaloongoza kibofu. Unakaa kitini, sindano nyembamba inaingizwa juu kidogo ya kifundo, kisha umeme unaongezwa polepole mpaka kidole gumba kijikunje au unyayo uhisi mnyeo. Unakaa hivyo dakika 30, mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Usikate tamaa wiki ya tatu. Nafuu huja taratibu. Anayepata nafuu hurudi mara mojamoja, kwa kawaida kila mwezi, maana ukiacha kabisa tatizo linaweza kurejea.

Na kile kifaa cha kupandikizwa?

Hicho ni cha upasuaji mdogo. Waya mwembamba hulazwa kando ya mshipa wa fahamu chini ya mgongo, na betri huwekwa chini ya ngozi ya tako. Marekani iliidhinisha njia hii mwaka 1997. Ninachokipenda ni kwamba unaijaribu kwanza kwa siku kadhaa betri ikiwa nje ya mwili, huku ukiandika kila unapokwenda haja ndogo na kila unapovujwa. Tatizo lisipopungua angalau nusu, waya unatolewa na mambo yanaishia hapo. Waya unaweza kuhama, jeraha linaweza kupata maambukizi, na betri ikichoka hubadilishwa. Ukiambiwa upigwe picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku kali, taja kifaa chako kwanza.

Nani amweleze daktari mapema?

Mjamzito, mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, na anayetokwa damu kwa urahisi. Mwenye damu kwenye mkojo achunguzwe kwanza. Lakini aliyeanza ghafla kushindwa kukojoa au kujizuia, huku amekufa ganzi katikati ya mapaja, afike hospitali siku hiyohiyo.