Kazi kama fungu la shughuli: dhana ya kusomea ajira za kesho

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walichambua kazi 702 na kukadiria kuwa asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta. Mwaka 2016 utafiti uliochapishwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, ukaja na wastani wa asilimia 9 katika nchi 21. Tofauti kubwa ilitokana na kipimo. Wa kwanza walihesabu kazi nzimanzima. Wa pili walitazama shughuli anazofanya mtu ndani ya kazi hiyo.

Kazi yoyote, kwa mtazamo huu, ni fungu la shughuli zilizowekwa chini ya cheo kimoja. Mhasibu huingiza takwimu, lakini pia hutafuta kosa lililojificha, humweleza mkurugenzi habari asizopenda kuzisikia, na huamua kipi kitiliwe shaka. Programu inaweza kuchukua shughuli ya kwanza na kuacha zilizobaki. Cheo hakibadiliki, ujuzi unaohitajika unabadilika.

Mfano unaopendwa na wachumi ni wa ATM. Huko Marekani, wastani wa makeshia katika tawi la mjini ulishuka kutoka 20 hivi hadi 13 kati ya 1988 na 2004. Lakini gharama ya kuendesha tawi nayo ilishuka, benki zikafungua matawi mengi zaidi, na jumla ya makeshia haikuporomoka. Wakahesabu noti kidogo, wakazungumza zaidi na wateja kuhusu mikopo na akaunti. Wengi huikatisha hadithi hapo kwa sababu inafariji. Miamala ilipohamia kwenye simu, matawi yenyewe yalianza kufungwa na makeshia wakapungua kweli.

Shughuli zipi huondoka mapema? Mwaka 2003 wachumi David Autor, Frank Levy na Richard Murnane walieleza kuwa kompyuta humudu zaidi zile zinazofuata kanuni zinazoweza kuandikwa hatua kwa hatua. Ndiyo maana wapiga chapa walipungua na wafagizi wakabaki. Akili mnemba (AI) imeuvuruga mpaka huo. Haingoji kuandikiwa kanuni, hujifunza kutokana na mifano, kwa hiyo kuandika rasimu, kutafsiri na kuandika msimbo wa programu sasa vimeguswa. Safari hii waliosoma sana nao wamo.

Hata hivyo, kuguswa kwa shughuli moja hakutabiri mwisho wa kazi. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, bingwa wa akili mnemba, alisema vyuo viache kufundisha madaktari wa radiolojia, wale wanaosoma picha za eksirei na za vipimo vingine. Madaktari hao bado wanatafutwa, kwani kusoma picha ni sehemu tu ya siku yao. Ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya 2025 inasema waajiri wanatarajia asilimia 39 ya ujuzi wa msingi wa wafanyakazi kubadilika ifikapo 2030. Hayo ni matarajio ya waajiri, na ningeyapokea hivyo.

Kwangu mimi, swali gumu ni la wanaoanza kazi. Shughuli nyepesi ambazo programu huzichukua kwanza ndizo wachanga walizojifunzia: mwanasheria mpya alisoma rundo la mikataba hadi jicho lake likazoea kuona kifungu kibaya. Mzoefu akipewa programu anakwenda mbio, maana anajua jibu lipi halifai. Mchanga hana kipimo hicho, na njia ya kukipata inazidi kuwa nyembamba. Ofisi inayotaka wazoefu miaka kumi ijayo italazimika kuwalipa wachanga leo kwa kazi ambayo programu ingeimaliza kwa dakika chache, gharama ambayo faida yake haionekani kwenye bajeti ya mwaka mmoja.