Urekebishaji wa mtoto aliyekinzana na sheria: maana yake hasa

Urekebishaji ni kazi ambayo kituo cha malazi humfanyia mtoto aliyepelekwa huko na mahakama kwa kuvunja sheria, ili atoke na uwezo ambao hakuingia nao: kuizuia hasira kabla haijawa ngumi, kukaa mbali na dawa za kulevya, kusoma, kushika ufundi. Kazi hiyo ina pande mbili, matibabu na elimu. Geti na ukuta pekee havirekebishi mtu.

Neno matibabu hapa ni pana kuliko dawa. Huanza na uchunguzi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zilizopitishwa mwaka 1990, zinataka mtoto aonwe na daktari mara anapopokelewa, kisha ahojiwe mapema na kuandikiwa ripoti ya hali yake ya kisaikolojia na kijamii. Suala la kujidhuru na la dawa anazotumia halingoji kesho: mwenye kifafa akikatiziwa dawa ghafla anaweza kuanguka usiku huohuo. Macho na masikio nayo yapimwe. Wapo watoto walioitwa wakaidi miaka mingi, kumbe ubao hawauoni.

Baada ya hapo huja unasihi, yaani mazungumzo ya ushauri nasaha, wa mtoto mmoja mmoja na wa kikundi. Chukua mfano wa ugomvi wa bwenini. Mnasihi haanzi na "kwa nini umempiga?", kwa kuwa jibu litakuwa "alinichokoza" na mazungumzo yatafia hapo. Huurudisha mkasa nyuma hatua kwa hatua: mwenzako alisema nini, ukawaza nini, mwili ulihisi nini, ukafanya nini, yakafuata nini. Mara nyingi mtoto hugundua kwamba taya lilikaza na viganja vilitoka jasho kabla hajanyanyuka kitandani. Dalili hiyo ndiyo atakayofundishwa kuitambua na kuifanyia kazi: kuvuta pumzi taratibu, kuondoka, kumwita mlezi wa zamu. Zoezi hurudiwa kwa kuigiza, tena na tena, maana ukiwa umekasirika hukumbuki ulichoelezwa bali ulichozoea. Kikundi nacho kina hatari yake. Msimamizi akilegea, watoto huanza kusimuliana makosa kwa kujivuna, anayechekesha zaidi akawa ndiye shujaa, na kikao kikageuka darasa la uhalifu.

Elimu haianzii darasa la umri wa mtoto. Huanzia pale alipoishia. Kijana wa miaka 15 anaweza kuwa anasoma kwa kuunganisha silabi, na ukimpa kitabu cha wenzake atavuruga somo ili asiaibike mbele yao. Hivyo apimwe kusoma na hesabu, na rekodi zake ziombwe shule aliyotoka wiki ileile ya kwanza. Rekodi zikichelewa, hurudia aliyokwisha kuyasoma, akachoka. Ufundi, kama useremala au ushonaji, huongezwa juu ya masomo, usichukue nafasi yake.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kumnyima mtoto masomo kama adhabu. Darasa ni haki yake, na aghalabu anayefukuzwa ndiye anayelihitaji zaidi. Kosa la pili ni mwalimu na mnasihi kufanya kazi bila kuonana. Mtoto akipokea habari mbaya kutoka nyumbani asubuhi, mwalimu asiyejua atamwadhibu kwa kusinzia mchana. Tiba yake ni mpango mmoja wa maandishi kwa kila mtoto, wenye malengo machache yanayopimika. "Awe na adabu" halipimiki. "Aondoke kwenye ugomvi bila kupigana kwa siku 14" linapimika. Mzazi au mlezi akae kwenye kikao cha mpango huo, kwa sababu ndiye atakayeuendeleza.

Kutoka kituoni huandaliwa tangu siku ya kuingia. Kabla geti halijafunguliwa, nafasi ya shule au ya ufundi iwe imethibitishwa, siku ya kumwona mnasihi wa nje iwe imeandikwa, na dawa za kumfikisha siku hiyo ziwe mkononi. Cheti cha masomo aliyopata huko, kwa kanuni zilezile za 1990, hakitakiwi kuonyesha kwa namna yoyote kwamba aliwahi kuwekwa kituoni.