Solo si mbio: tunayoambiwa kuhusu gitaa la solo na ukweli wake

Dhana: mpiga solo hodari ni mwenye kasi.
Sikiliza kwa makini sebene, ile sehemu ya wimbo wa dansi ambapo magitaa hutawala na watu hucheza. Mpiga solo hurudia kipande kifupi mara nyingi, akibadilisha kidogo tu, na watu wanazidi kucheza. Kinachowainua ni kila noti kuangukia pale ngoma na gitaa la ridhimu (linaloshikilia mwendo wa wimbo) zilipoacha nafasi. Anza na metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 60 kwa dakika; ongeza mwendo noti zote zikishatoka safi.

Dhana: anza na solo, ridhimu ni kazi ya mwingine.
Hii ndiyo inayowachelewesha wengi, nami naipinga kwa nguvu zote. Solo ya dansi imo ndani ya kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Mwombe mwenzako apige kodi za C, F na G. Akiwa kwenye C, bonyeza freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya 3 kwenye uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, na ya 5 kwenye uzi wa pili, ukwanyue nyuzi hizo mbili pamoja. Akienda F, bonyeza ya 5 na ya 6 kwa mpangilio uleule wa nyuzi. Akienda G, ya 7 na ya 8. Umeshaanza kusikia ile ladha ya rumba ya Kongo na dansi la Tanzania! Asiyezijua kodi hatajua ahame lini.

Dhana: skeli ya pentatoniki inatosha.
Skeli ni noti zilizopangwa kwa ngazi, na hii ina noti tano; kwa bluzi itakufikisha mbali. Ila pentatoniki ya C meja haina F wala B, na umeona sasa hivi kwamba kodi za F na G zinazidai noti hizo. Jifunze skeli ya meja yote, noti zake saba.

Dhana: bila gitaa la umeme la bei kubwa huwezi.
Franco Luambo, mpiga gitaa maarufu wa rumba ya Kongo, alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea. La umeme lina nyuzi nyembamba, hivyo ni jepesi kubonyeza, lakini gitaa kavu linafundisha vilevile.

Dhana: vidole vifupi havifai.
Django Reinhardt, mpiga gitaa maarufu wa jazi, aliungua mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaharibika. Solo zake alizipiga hasa kwa viwili vilivyobaki.

Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo, kisha ngozi itakomaa. Maumivu ya kifundo cha mkono ni jambo jingine: pumzika, kisha angalia unavyolishika gitaa.