Kampuni ni nyingi, waya ni mmoja
Watu husema eti "kama neti ya nyumbani inakusumbua si uhamie kampuni ingine, kampuni za intaneti ziko tele". Ziko tele Kenya, ndio, Safaricom, Zuku na zingine, lakini swali ni ngapi zimefikisha waya kwa ploti yako. Hapa kwetu Section 58, Nakuru, kuna kaboksi kamoja tu ka neti ukutani karibu na mita za stima, na waya mmoja kutoka kwa posti, basi. Landilodi asiporuhusu kampuni ingine kutoboa ukuta umekwama, juzi neti ilipotea siku tatu na sikuwa na pa kuhamia. Starlink, neti ya setilaiti, ilifika Kenya 2023 na haihitaji waya wa mtaani, ila dishi lataka mahali penye anga wazi, sasa mpangaji wa bedsita ataliweka wapi?