Bwawa la vinili na bomba la mashine ya usafi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nyumbani tumezoea bwawa la kuogelea la zege na vigae. Huku Ohio, Marekani, mengi ni ya vinili: ukuta ni paneli za chuma au plastiki ngumu, na ndani yake imetandikwa laina, yaani shuka moja kubwa la plastiki ya vinili lililokatwa kwa kipimo cha bwawa, unene wake kati ya nusu na robo tatu ya milimita. Sasa mwenye bwawa kama hilo akitaka mashine inayotembea yenyewe kusafisha, na bwawa lilijengwa bila bomba la kuipelekea maji kupitia ukutani, hapo ndipo kila jirani anakuwa fundi. Haya nayasikia kila majira ya joto.

“Ukitoboa laina, bwawa limekwisha.”

Bwawa hilo lina matundu tangu siku lilipojazwa: la skima (mdomo wa ukutani unaonyonya maji ya juu na takataka), ya kurudishia maji, pengine na la taa. Hayavuji kwa sababu laina imebanwa kati ya gasketi mbili, na sahani ya mbele imekazwa kwa skrubu. Kinachoua laina ni kukosea mpangilio wa kazi.

Unapunguza maji mpaka chini kidogo ya mahali pa tundu. Unachimba nje, nyuma ya paneli. Unachomoa ukingo wa laina kwenye reli yake juu ya ukuta, kipande kifupi tu, unaukunja chini, unatoboa paneli na kufunga fitingi na nati yake kwa nyuma. Kisha laina inarudi mahali pake. Kuanzia hapo unafanya kazi kama kipofu: unapapasa kwa kidole juu ya plastiki mpaka usikie vishimo vya skrubu, unaweka gasketi na sahani, unafunga skrubu ya juu, ya chini, halafu za pembeni kwa kupishana. Sahani ikishakaza kabisa, ndipo unashika kisu na kukata plastiki iliyobaki katikati. Aliyeanza na kisu atakuta maji yakirudi yanaivuta laina, tundu la duara limekuwa yai, na hakuna gasketi itakayolifunika.

Ila laina ikishakakamaa kwa jua na klorini, sikushauri. Ukiichomoa kwenye reli haitaki kurudi, hata uimwagie maji ya moto, na ikirudi huchanika pembeni. Subiri siku ya kuibadilisha. Bomba litaingia bila shida.

“Mwaga maji yote ufanye kazi kwa nafasi.”

Thubutu. Uzito wa maji ndio unaoishika laina ukutani. Bwawa likikaa tupu, laina kuukuu hunywea, na mvua ikinyesha maji ya ardhini huinyanyua kutoka chini au kusukuma ukuta uingie ndani.

“Mashine ni mashine, zote zinahitaji bomba lake.”

Hili ndilo linalowamalizia watu pesa. Zipo zinazovuta: unaziunganisha kwenye skima iliyopo na pampu kubwa, ile inayozungusha maji ya bwawa, inafanya kazi yote. Kreepy Krauly ni ya jamii hiyo. Aliyeibuni, Ferdinand Chauvier, alitoka Kongo ya Wabelgiji akahamia Afrika Kusini, na ya kwanza aliitengeneza mwaka 1974. Zipo zinazosukumwa na maji yanayorudi bwawani. Hapo soma jina vizuri: Polaris 360 hutumia tundu la kurudishia maji lililopo, lakini Polaris 280 inadai bomba lake peke yake na pampu ya nyongeza, kwa kawaida ya robo tatu ya nguvu farasi. Halafu ziko roboti za umeme mdogo, ambazo hazihitaji bomba wala koki. Mara nyingi nimekwenda kwa mteja na sururu, nikarudi nayo ikiwa safi.

“Pampu ya nyongeza iweke popote, iwashe utakapo.”

Maji yake huchukuliwa baada ya chujio na hita, kabla ya kifaa cha klorini, la sivyo unaipitishia dawa kali mashine na mipira yake. Na haiwashwi peke yake hata dakika moja, maana inalishwa na pampu kubwa. Mteja mmoja umeme ulikatika usiku, taima moja ikapoteza saa, nyingine haikupoteza. Asubuhi pampu ndogo ilikuwa inazunguka kavu. Nilipofika, sili yake ya kuzuia maji ilishaungua na chini kuna kidimbwi. Tangu hapo nafunga taima moja inayozitawala zote mbili: ya nyongeza inawaka nusu saa baada ya kubwa, na kuzimika kabla yake.

“Ni plastiki tu, umeme unahusika vipi?”

Chimba kando ya ukuta wa chuma, utakutana na waya wa shaba mtupu, mnene, unaozunguka bwawa. Huo huunganisha ukuta, ngazi na pampu ili muogaji asipigwe na shoti. Pampu mpya nayo lazima iunganishwe humo. Jembe likiukata, usifukie kimya kimya. Mfereji ubaki wazi mpaka fundi umeme auunge.

“Magurudumu yatatoboa laina.”

Sijawahi kuona gurudumu zima likitoboa laina nzima. Nilichokiona ni mkia. Mashine za kusukumwa na maji zina mpira mwembamba nyuma unaochapa huku na huku kutimua mchanga, na mwisho wake umevikwa soksi ya sponji. Soksi ikiisha, mpira mtupu unafuta maua yaliyochapwa kwenye laina, mstari baada ya mstari, hasa kwenye mikunjo. Kwa hiyo nikifika kwa mteja, kabla hata ya kupima klorini, naivuta mashine nje na kuutazama mkia.