Je, wajua juu ya nini bastola ya mashindano ikishazeeka inaanza kukwama-kwama?

Ilianzia Kamalondo, hapa Lubumbashi, kwa papa mmoja fundi wa kushona, nilipeleka suruali ya kukata miguu, na mtoto wake alikuwa anaangalia video kwa simu: atlete anapiga risasi fasta-fasta, pa, pa, ya tatu hapana, bastola imekwama, na yule mutu hata hakasiriki, ananyoosha mukono wa pili juu anabaki amesimama sawa mwanafunzi anaomba kutoka darasani. Mtoto akauliza, papa, ile kitu si ni ya bei kali, juu ya nini inakufa sawa pikipiki ya kuazima? Papa akaendelea kukanyaga mashini yake akasema tu, hata hii ikiruka mshono mimi sifungui tumbo yake, kwanza nageuza sindano, naweka ingine.

Mimi nikarudi nyumba na lile swali mu kichwa, na leo nawaelezea.

Najua, kwetu Lubumbashi mutu akisema bastola kichwa inaenda moja kwa moja kwa polisi na basoda, haiendi kwa michezo. Lakini kumbukeni mwaka 2024 mu Olimpiki ya Paris, yule Mturuki Yusuf Dikeç aliyepiga mukono moja mu mfuko, akapata medali ya fedha, sura yake ikazunguka WhatsApp yote. Sasa ile yake ni bastola ya hewa, ya mita 10, unaweka kidonge kimoja kwa mukono, unapiga, unaweka kingine, ndani hakuna kitu kinachojipakia chenyewe, kwa hiyo haiko ile tunayozungumzia. Tunazungumzia ile inayojipakia. Kwa mfano bastola ya mita 25 ya kupiga haraka, kalibri .22, shabaha tano zimepangwa kwa mstari na mutu anapewa sekunde 8 azipige zote, kisha sekunde 6, kisha sekunde 4. Sekunde nne risasi tano! Li Yuehong wa China njo alichukua zahabu 2024 (na ile shuti haikuwa Paris, walipelekwa Châteauroux huko mbali). Kuna tena ule mchezo wa IPSC, ulianza 1976 kule Marekani, batu banakimbia toka kona moja kwenda kona ingine banapiga, wengi na kalibri ya 9 mm. Atlete wa namna hiyo anapiga maelfu ya risasi kila mwaka kwa mazoezi tu, na bastola ni ileile moja.

Sasa ona kinachotokea ndani kila unapovuta gasheti, kile cha kuvuta na kidole. Sindano ya ndani inagonga amorsi, kile kiwashio kidogo kwa nyuma ya risasi, baruti inawaka, risasi inatoka mbele kwa mtutu, na nguvu ileile inasukuma kulasi irudi nyuma, kulasi ni kile kipande kikubwa cha juu kinachoteleza. Ikirudi, ndoano ndogo inavuta ganda tupu toka mu chumba, pale risasi inakaa mbele ya kupigwa, ganda linagonga kikomo fulani linarushwa nje, nyundo inayogonga ile sindano inainamishwa tayari, kisha resori (springi) iliyobanwa inasukuma kulasi irudi mbele, ikipita inakokota risasi mpya toka juu ya sharjeri, kile kisanduku kinachobeba risasi, inaiingiza mu chumba, inafunga. Yote hiyo inapita mbele hujapepesa jicho. Bastola nyingi za .22 hazifungwi na kitu, ni uzito wa kulasi na resori tu vinashika mlango. Za 9 mm nyingi zinafuata mtindo wa John Browning, mtutu na kulasi vinarudi pamoja milimita chache vikiwa vimeshikana, halafu mtutu unainama unaachia, na huyo Browning Mmarekani alifia mu kiwanda cha FN kule Liège, Ubelgiji, mwaka 1926, akiwa bado kwa kazi.

Kwa hiyo bastola "imekwama" haitoshi kusema. Imekwama wapi? Batu wa kazi hiyo kitu cha kwanza banaangalia ni mahali safari ilisimama. Ganda tupu limesimama wima limebanwa na kulasi sawa bomba ya moshi ya kiwanda cha Gécamines? Basi lilitoka mu chumba lakini halikurushwa na nguvu. Ganda limebaki ndani kabisa? Ndoano haikushika. Risasi mpya imenyanyua pua ikagonga ukingo? Angalia sharjeri kwanza. Kulasi imebaki milimita moja au mbili bila kufunga? Kuna uchafu, ao risasi yenyewe ni nene, ao resori imechoka.

Na hapa njo maneno ya papa wa Kamalondo yananirudia, maana sharjeri njo sawa ile sindano ya mashini ya kushona. Ni kitu cha bei ndogo, kinatoka na kuingia bila fundi, na kinateswa kuliko vyote: mu IPSC kinaangushwa chini kwa mchanga kila mara mutu anapobadilisha, midomo yake ya juu inapanuka kidogo tu, hata jicho halioni, na resori yake ya ndani inalegea, basi risasi zinapanda polepole na kulasi inapita juu ya hewa. Ndiyo maana wazoefu wanaandika namba kwa kila sharjeri, 1, 2, 3, na ikikwama banaandika ilikuwa namba ngapi. Kama ni namba 3 kila siku, bastola haina kosa, tupa namba 3 ao geuza resori yake. Mutu asiyeandika namba atapoteza mwezi muzima akisugua mtutu ambao haumukosei kitu.

Kiisha sharjeri, resori kubwa ya kurudisha kulasi, na hii ndiyo inadanganya batu. Ukiitazama imezeeka inafanana na mpya, pengine imefupika kidogo, basi. Lakini imebanwa na kuachiwa mara elfu na elfu. Ikichoka, kulasi inarudi nyuma na fujo kuliko kawaida, inagonga fremu, ule mwili wa bastola, inarudi mbele bila nguvu ya kufunga. Na kulasi inayoenda mbio sana inaweza kupita mbele sharjeri haijanyanyua risasi, unavuta gasheti unasikia tik, chumba hakina kitu. Sasa kinyume chake: resori ngumu kupita kiasi na risasi dhaifu, kulasi hairudi mpaka mwisho, ganda linabanwa mu mlango. Magonjwa mawili tofauti, na mutu wa haraka ataita yote "resori mbaya", atanunua ngumu zaidi na mambo yatazidi.

Na baatlete wanajiletea shida hiyo wenyewe, mi nasema kweli. Mu IPSC risasi inapimwa: uzito kwa greni mara mwendo kwa futi za sekunde, gawanya kwa 1000, kwa daraja ya chini lazima upate 125. Risasi ya greni 124, ni kama gramu 8 tu, ikienda futi 1010 kwa sekunde inatoa 125 na kidogo. Umeona? Umegusa mstari. Kila mutu anatengeneza risasi yake iguse hapohapo ili bastola isiruke sana mu mukono, kisha anaweka resori laini iende na risasi laini, kisha analegeza na resori ya nyundo ili gasheti iwe nyepesi. Siku ya kwanza inaimba. Kiisha mwaka, resori zimelegea zaidi, kuna masizi, asubuhi ni baridi, na ile nafasi ndogo iliyokuwa imebaki imeliwa yote. Nyundo inagonga sindano bila nguvu, sindano inaacha kidoti chepesi tu kwa amorsi, haiwaki. Bastola ya askari, yenye resori ngumu na nafasi kubwa ndani, ingevumilia huo uchafu wote bila neno.

Ndoano nayo, chini yake panajaa masizi magumu, ukisafisha kwa mswaki wa zamani wa meno na kijiti mara nyingi inapona, kama ncha imevunjika basi ni kugeuza. Zile za .22 zinachafuka vibaya zaidi juu risasi yake ni ya risasi tupu, lile metali lenyewe, na inapakwa nta, hiyo nta na masizi vinakuwa kama ukoko wa bukari chini ya sufuria. Mafuta pia, jamani, tone chache panapoteleza vyuma. Mutu anayemimina mafuta anatengeneza matope, na hapa kwetu na vumbi ya mwezi wa 8 ungepata udongo wa kujengea.

Halafu kuna mukono. Nguvu inayorudisha kulasi inahitaji fremu ishikwe imara, mutu akilegeza kiwiko bastola yote inaenda nyuma pamoja na kulasi na safari inakatika katikati. Namna ya kujua ni nyepesi: mupe mwenzako apige na bastola ileile, sharjeri ileile, risasi zilezile. Kwake ikienda bila shida, usiguse bisibisi. Na kidole gumba kikigusa kile kifuli cha kulasi, kulasi itabaki wazi na risasi bado ziko, ao itafunga na sharjeri tupu, mutu anaapa bastola ni mbovu kumbe ni kidole chake. Muhimu ni kugeuza kitu kimoja kwa mara moja, ukigeuza resori, risasi na sharjeri siku moja na ikapona, hutajua nini ilikuwa inaumwa.

Kuna jambo moja haina ya kuchezea. Ukivuta gasheti ukasikia "puf" badala ya "pa", simama hapohapo, risasi pengine imebaki mu mtutu, na ukipiga ingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Ukisikia tik bila kitu, mtutu ubaki umeangalia shabaha, subiri nusu dakika mbele ya kufungua, amorsi ingine inachelewa kuwaka.

Na ule mukono juu wa kwenye video? Ni sheria ya ISSF, shirikisho la dunia la mchezo wa kupiga shabaha, kwa mita 25: ikikwama, bastola inabaki inaangalia shabaha, unanyoosha mukono ulio huru, hugusi kitu, mwamuzi anakuja anafungua mwenyewe. Akikuta ni ugonjwa wa bastola ao wa risasi, unaruhusiwa kurudilia. Akikuta ulisahau kupakia, ao uliigusa-gusa mbele hajafika, imekula kwako. Yule wa kwa simu hatukujua alikutwa na nini, mwamuzi alikuwa ndiyo anainama kuangalia, mtoto wa fundi mega zikaisha.